Mwalimu Haambiwi Wewe

Darasa la tatu la mwaka ule lilikuwa na watoto hamsini na wawili, na Mwalimu Anselm hakutaka kuwasikia hata mara moja wakiitikia kwa pamoja. Alikuwa kijana mrefu, mtu wa Lusu kule Nzega, ametoka chuoni juzijuzi na mambo yake mapya. Walimu wengine wa shule ile ya Tabora mjini walifundisha Kiingereza kwa kuimbisha. Mwalimu anatanguliza, darasa linafuata, mabati yanalia, na mtoto asiyejua lolote anapata pa kujificha ndani ya sauti za wenzake. Mwalimu Anselm alikuja na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani.

"Hapa hakuna kwaya," aliwaambia siku ya kwanza. "Mungu hakuwapa mdomo mmoja watu hamsini na wawili. Kila mtu ana wake, nami nitausikia."

Akaurusha mpira. Aliyeudaka alisimama, akaenda mbele, akagusa kitu na kukitaja kwa Kiingereza. Huu ni mlango. Hii ni meza. Hiki ni kiti. Aliyekosea hakupigwa. Aliambiwa aguse tena, aseme tena, kisha aurushe mpira kwa mwingine. Watoto waliokuwa wakisinzia saa za Kiingereza wakawa wanakaa wima kama wanaosubiri gari moshi la Kigoma.

Mwanne binti Abbasi alikuwa na miaka kumi na moja. Baba yake alikuwa seremala, nyumba yao Isevya, na kwa kuwa mama yake alifariki yeye angali ananyonya, alilelewa na Bibi Mwamvita, mama wa baba yake. Mpira ule ulimwingia Mwanne hadi usingizini. Jioni akiosha vyombo aligusa sufuria na kuisemesha, akagusa mwiko na kuusemesha, akafika hadi kwa mbuzi.

"Huyo mbuzi ataniletea taabu," Bibi alisema. "Kesho akianza kujibu nitamchinja mimi kwa woga."

"Bibi, mwalimu anasema nina ulimi mwepesi."

"Ulimi mwepesi! Uutunze, mke mwenzangu. Chepesi hupeperuka."

Utani ulikuwa wa Bibi, lakini adabu pia ilikuwa ya Bibi, na hiyo haikuwa na mzaha. Katika nyumba ile mtoto hakumtazama mkubwa usoni akisema naye. Hakumpa kitu kwa mkono wa kushoto. Na zaidi ya yote, mkubwa hakuambiwa "wewe". Baba aliulizwa, "Baba, mmeamkaje?" kana kwamba ni watu watatu wamelala kitandani. Bibi aliambiwa, "Bibi, karibuni chakula," naye yuko peke yake kwenye mkeka. Mama Lugembe, muuza maziwa aliyekuja asubuhi kutoka vijijini, alifanya hivyo hivyo kwa lugha yake. Mwanne aliambiwa "wangaluka," yaani umeamka, lakini Bibi aliambiwa "mwangaluka," mmeamka.

"Mbona Bibi yuko mmoja?" Mwanne alimwuliza siku moja.

"Mtu mzima si mmoja," Mama Lugembe alijibu akipima maziwa. "Ana watoto wake ndani yake, ana wazee wake. Utamwambiaje kama unaita kuku?"

Basi ikawa siku kitabu cha Kiingereza kilipofika ukurasa wa watu. Kila mtoto alitakiwa kwenda mbele, ajiguse kifua na kusema yeye ni mwanafunzi, kisha amnyooshee mwalimu kidole na kusema, wewe ni mwalimu. *I am a pupil. You are a teacher.* Mwalimu Anselm aliwaonyesha mwenyewe, akieleza neno kwa neno. "*You*," alisema, "maana yake wewe."

Mpira ulimwangukia kwanza Damas, mtoto wa karani wa stesheni. Damas alinyoosha kidole hadi karibu na pua ya mwalimu na kupiga kelele, "*You!*" Darasa lilicheka, mwalimu naye akacheka. Kisha mpira ukapita kwa Josepha, ukapita kwa Dionis, na kila mmoja alinyoosha kidole na kusema. Dionis ndiye aliyeurusha kwa Mwanne.

Aliudaka kwa mikono miwili. Akaenda mbele. Akajigusa kifua. "*I am a pupil,*" alisema, na sauti ilitoka nzuri kabisa.

Kisha mkono wake ukakataa kuinuka.

"Endelea, Mwanne."

Neno alikuwa nalo. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, limevaa na kujifunga mkanda. Lakini nyuma ya neno alimwona Bibi ameketi kwenye mkeka, na mbele ya neno alisimama mtu mzima, mwalimu wake, aliyemfungulia mlango wa Kiingereza kwa upole. Amwambie wewe? Tena kwa kidole? Alitafuta haraka namna ya kulizunguka, kama mtu anavyozunguka dimbwi ili asichafue nguo. Akainamisha macho.

"*Mwalimu is a teacher,*" alisema.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu ni mwalimu! Damas alijipigapiga mapaja.

"Hapana, hapana," Mwalimu Anselm alisema bila hasira. "Mimi nipo hapa mbele yako. Niambie mimi. *You...*"

Mwanne aliubana mpira kifuani.

"*You...*" mwalimu alitanguliza tena, kama mtu anayemvuta mtoto mkono avuke mto.

Alinyamaza hadi kicheko kikaisha, hadi watoto wenyewe wakaanza kuona haya kwa niaba yake. Mwalimu alimtazama kwa masikitiko. Alichukua mpira mikononi mwake taratibu.

"Nilidhani umeelewa," alisema. "Nenda ukakae."

Kesho yake alipanga upya madawati. Waliokwenda upesi walikaa mbele, waliohitaji kusikiliza zaidi walikaa nyuma. Mwanne alipelekwa nyuma. Mwalimu hakufanya kwa ubaya; alisema, "Sikiliza tu kwanza, usiwe na wasiwasi, sitakusumbua." Na kweli hakumsumbua. Tangu siku ile mpira haukuruka tena kufika kule nyuma.

Jioni ile Bibi Mwamvita aliona vyombo vinaoshwa kimya.

"Mbuzi anakuulizia," alisema.

Mwanne alieleza. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akashika tasbihi yake bila kuivuta.

"Astaghfirullah. Umwambie mwalimu wewe? Umefanya vyema hukusema."

"Lakini Bibi, sasa anadhani mimi mjinga."

"Mwambie, basi, nyumbani kwetu hatusemi hivyo."

Hapo ndipo penye mkwamo. Angemwambiaje mtu mzima kwamba somo lake halina adabu? Hilo lingekuwa tusi kubwa kuliko lile neno lenyewe. Bibi naye aliliona hilo baada ya kulisema, kwa maana alimvuta Mwanne karibu na kumsuka nywele ambazo zilikuwa zimesukwa asubuhi.

Miezi miwili Mwanne aliutazama mpira ukienda kwa wengine. Aliujua mshono wake, alijua kamba ilipolegea. Kila ulipoinuliwa, mikono yake ilifunguka yenyewe chini ya dawati. Kwa mpira wenyewe hakulia. Alitamani kitu kimoja tu: mwalimu ajue kwamba siku ile alikuwa anajua. Aliswali na Bibi magharibi, na baada ya kuwaombea marehemu na wagonjwa, aliongeza dua hiyo ndogo kwa kunong'ona, akiona haya kumsumbua Mwenyezi Mungu kwa jambo la darasa la tatu.

Aliwauliza na wenzake. "Josepha, Kiingereza cha 'ninyi' ni nini?"

"Hatujafika huko," Josepha alijibu.

Walifika Jumatano moja, kipindi cha mwisho. Mwalimu Anselm alisimama mbele, akapanua mikono kama padri anayebariki, akawaelekea wote hamsini na wawili. "*You are pupils,*" alisema. "Ninyi ni wanafunzi."

Mwanne kule nyuma alidhani amesikia vibaya.

Mwalimu akarudia. Lilikuwa ni lile lile. *You.* Damas aliuliza swali ambalo Mwanne angetoa jino moja kuliuliza yeye: "Mwalimu, hilo si ndilo wewe?"

"Ndilo hilo hilo. Waingereza wana neno moja tu. Mmoja au wengi, mkubwa au mdogo, ni *you*."

Mwanne alirudi Isevya bila kuiona njia. Kumbe neno lile tangu mwanzo lilikuwa pia ninyi! Kumbe angeweza kulisema kwa mwalimu kama anavyosema "mmeamkaje" kwa baba yake, na mwalimu angebaki mkubwa, na Bibi angebaki kwenye mkeka wake bila fedheha. Alimweleza Bibi akiwa bado na begi begani.

"Kwa hiyo Waingereza nao wana adabu," Bibi alisema kwa mshangao. "Ila wameisahau njiani, wakabaki na neno."

Alhamisi Mwanne aliinua mkono. Haikuwa desturi ya darasa lile, maana mpira ndio uliochagua. Mwalimu aliuona mkono, akatabasamu, akasema, "Subiri kidogo, Mwanne," akaendelea na waliokuwa mbele, na kengele ikagongwa. Ijumaa mwalimu hakuwepo. Jumatatu mwalimu mkuu aliingia na kuwaambia kwamba Mwalimu Anselm amehamishiwa shule ya kijiji kipya cha ujamaa, kwamba taifa limemhitaji huko, na kwamba ameondoka na lori la Jumamosi. Mwalimu aliyekuja baada yake alikuwa mtu wa kuimbisha. Mwanne alilisema lile neno mara elfu mwaka ule, pamoja na wenzake hamsini na mmoja, na hakuna aliyemsikia.

Maisha yakaenda. Alimaliza darasa la saba, na jina lake halikuwemo kwa waliochaguliwa kuendelea na sekondari. Bibi Mwamvita alifariki mwezi wa Ramadhani, baada ya futari, akiwa amesema alhamdulillah na kuweka kikombe chini. Mwanne aliolewa na Omari, fundi baiskeli, mtu mpole asiyependa kelele, na watu walipohamishiwa vijijini walikwenda upande wa Igunga, kwenye kijiji kilichopangwa kwa mistari kando ya barabara ya Mwanza. Walilima mpunga na pamba. Alizaa watoto wawili.

Serikali iliposema kila mtoto aingie darasani, walimu hawakutosha, na kijiji kikatafuta waliomaliza darasa la saba wafundishwe kazi huku wakifundisha. Omari alilileta jambo hilo akinyoosha gurudumu la mtu mapajani.

"Wanatafuta walimu," alisema. "Nimewaambia nyumbani kwangu yuko mmoja."

"Mimi?"

"Nani mwingine anayewasemesha ng'ombe wa watu Kiingereza?"

Hivyo Mwanne akawa mwalimu, na watu waliwaita walimu wa namna yake kwa jina la dharau, naye akaitika. Hakuimbisha. Alishona mpira wake wa matambara, na kila walipofika ukurasa wa watu aliwaambia watoto kabla hawajasimama: neno hili maana yake ni wewe, na pia ni ninyi, chukua utakalo. Hakuwaeleza kwa nini. Watoto walisema. Hata wale wa nyuma walisema, na jioni alirudi nyumbani akiwa ameridhika nusu. Nusu nyingine ilibaki pale pale ilipokuwa. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita, ana watoto, ana chaki zake, na bado kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyemjua kama mtoto asiyeelewa, na mtu huyo ndiye aliyemfundisha kutaka kusema. Alisikia mara Mwalimu Anselm yuko Lusu, mara amepandishwa cheo, anawafundisha walimu wilaya hadi wilaya. Mara mbili alianza barua. Mara mbili ilimshinda pale pale mwanzoni: atamwandikia "ninyi" au "wewe"?

Mwaka ule wa foleni za sabuni, ilikuja barua ya semina ya Kiingereza, Nzega, siku tatu. Mwisho wa karatasi lilikuwepo jina la mkufunzi. Mwanne aliisoma barua, akaikunja, akaikunjua tena. Omari alimfulia gauni la bluu kwa majivu, maana sabuni haikuwepo.

Walimu arobaini walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwalimu Anselm aliingia na miwani, nywele zimeanza kuwa na majivu pembeni, sauti ile ile. Mwanne alikaa dawati la mbele kabisa. Macho ya mkufunzi yalimpita kama yalivyowapita wengine.

"Nitawasimulia kisa," alianza. "Kila semina nakisimulia. Nikiwa kijana, Tabora mjini, nilikuwa na mtoto mmoja wa kike. Nikamwambia, niambie *you are a teacher*. Akasimama hapa mbele yangu. Mnajua alisema nini? Akasema, '*Mwalimu is a teacher!*'"

Chumba kizima kilicheka. Marcelina, mwalimu wa Moraviani aliyekaa ubavuni mwa Mwanne, alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Jamani, watoto!" alisema, akimgonga Mwanne kiwiko.

"Amekariri, lakini maana haijaingia," Mwalimu Anselm aliendelea. "Sasa na ninyi mshiriki. Nani atatuambia, kosa la yule mtoto lilikuwa nini?"

Mikono iliinuka. Mwalimu mmoja aliyeitwa Marko alisema mtoto hakuelewa nafsi ya pili. "Vizuri sana," mkufunzi alisema. Alois, kutoka Igunga, alisema labda hakuwa msikivu. Mkufunzi akaandika ubaoni.

Mwanne aliona mkono wake mwenyewe umeinuka. Haukuuliza ruhusa.

"Ndiyo, mama hapa mbele."

Alisimama. Gauni lilikuwa limenasa kwenye msumari wa dawati, akalinasua kwanza.

"Mtoto alikuwa anajua," alisema.

"Alikuwa anajua nini?"

"Hilo neno. Alikuwa nalo mdomoni. Lakini aliambiwa maana yake ni wewe, na kwao mkubwa haambiwi wewe. Akatafuta namna ya kuwaheshimu, hakuipata nyingine."

Kicheko kilichokuwa kimebaki pembeni kiliisha. Nyuma mzee mmoja alisema chini chini, "Hata kwetu hivyo hivyo."

Mwalimu Anselm aliishika chaki bila kuandika. "Ni maelezo mazuri," alisema. "Lakini umejuaje, mwalimu? Hukuwepo."

"Nilikuwepo," Mwanne alisema. "Ni mimi."

Marcelina aliziba mdomo kwa kanga. Mkufunzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akageuka kuutazama ubao alikokuwa ameandika *nafsi ya pili* na *usikivu*. Alifuta maneno yote mawili kwa kiganja. Kisha akasema, ijapokuwa saa haikuwa imefika, "Tukanywe chai."

Chai ilikuwa ya rangi, haina sukari. Mwalimu Anselm alimfuata Mwanne hadi kwenye kivuli cha ukuta.

"Shikamoo, mwalimu," Mwanne alisema.

"Marahaba. Mbona hukuniambia?"

"Ningewaambiaje, mwalimu? Kwamba somo lenu halina adabu?"

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. "Nimekisimulia Urambo. Nimekisimulia Sikonge. Watu wamecheka wilaya nzima nzima." Alikitazama kikombe chake. "Nikakuweka nyuma."

"Mlisema nisikilize kwanza."

"Na ulisikiliza?"

"Nilisikiliza hadi mkafika kwenye ninyi. Nikajua naweza kusema. Mkawa mmehama."

Mwanne alisubiri moyo wake utulie sasa, maana alilolitamani lilikuwa limetimia. Anajua. Ameambiwa mbele ya watu arobaini. Lakini kitu bado kilikuwa kinamvuta kwa mwalimu, kama mtoto anayevuta nguo, na hakujua ni nini hadi mwalimu mwenyewe alipokigusa.

"Jina lako nani?"

"Mwanne."

"Mwanne nani?"

"Binti Abbasi. Wa Isevya, mwalimu. Abbasi seremala."

Aliona macho ya mwalimu yakimtafuta. Yalikwenda mbali, yakapita madawati ya mwaka ule, yakapita uso baada ya uso, hamsini na wawili, na yakarudi mikono mitupu. Kosa alikuwa amelihifadhi vizuri miaka yote hiyo, kila neno lake. Mtoto hakuwa naye.

"Naam," Mwalimu Anselm alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole sana. "Naam, Mwanne. Nakukumbuka vizuri. Ulikuwa ukikaa karibu na dirisha."

Kule nyuma hakukuwa na dirisha. Palikuwa na ukuta mtupu, na ndoo ya maji, na rundo la majembe ya shule. Mwanne alijua, na akajua pia kwa nini mtu mzima huyu alikuwa akimdanganya. Alikuwa akitafuta namna ya kumheshimu, na hakuipata nyingine.

"Ndiyo, mwalimu," alisema, akainamisha macho. "Karibu na dirisha."

Marcelina alikuwa akiwaita kutoka mlangoni. Wenzao walikuwa wanamwaga machicha ya chai mchangani na kurudi ndani. Mwalimu Anselm alisimama kando, akampisha Mwanne atangulie, naye Mwanne akakataa, akangoja mwalimu apite kwanza.